Meno ya Bwana Cheko

Maji yalikuwa na mafuta. Msusi aliinua bilauri ya marehemu mumewe, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha la bafuni, akaona utando umeelea juu, na chini, katikati ya meno ya bandia, kipande cha nyama kilichotafunwa nusu. Maji hayo aliyabadilisha jana yake. Na nyama haikupikwa nyumba hiyo tangu mazishi.

Meno yenyewe yalizua ugomvi mbele ya jeneza. Mamamkwe alitaka mwanawe azikwe nayo, kwani kwake yeye mfu amelala tu mpaka parapanda ya mwisho, na hakutaka Bwana Cheko aamke kibogoyo mbele ya umati wote ule. Mchungaji akasema mwili ni nguo tu, roho ilishafika kwa Mungu. Msusi akang'ang'ania neno la mchungaji. Mumewe alikuwa mtu wa chupa na wanawake, alikufa bila kutubu, na swali moja lilikuwa likimnyima usingizi: yuko wapi? Meno akabaki nayo.

Sasa yalinuka. Uvundo ulianzia bafuni, ukahamia chumba cha mbele alikosukia, mpaka mteja mmoja akaondoka amesukwa nusu kichwa.

"Dada, humu kuna kitu kimeoza," alisema, amebana pua. "Samahani, lakini nadhani ni mdomo wako."

Asubuhi iliyofuata msusi aliamka taya zinamuuma, ulimi ukigusa kitu kigumu cha baridi, na alipoingiza vidole aliyakuta yale meno yamevikwa juu ya meno yake mwenyewe, yanateleza kwa mate mazito yasiyo yake, yamenasa nyuzi za nyama iliyooza ambazo, Mungu amsamehe, nyingine alikuwa ameshazimeza. Aliyatapika pamoja na kila kilichokuwa tumboni. Yakaangukia kwenye beseni, yakafunguka.

"Mke wangu," yalisema, kwa sauti ileile ya Bwana Cheko, "mbona unanitapika?"

Kinyaa kilimsisimua mwili mzima. Hata hivyo alilia kwa furaha kidogo, akajichukia kwa hilo.

Mamamkwe na mchungaji aliowaita walifika kabla ya adhuhuri, leso puani. Walisimama mlangoni mwa bafu, wakitazama beseni ambalo msusi hakuthubutu kulimwaga.

"Mwanangu amelala," mamamkwe alinong'ona. "Aliyelala hasemi. Hilo ni jini."

"Na aliye mbinguni hashuki kutafuna mizoga," mchungaji akaongeza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Mchungaji alinyoosha mkono, akaanza kukemea. Meno yakagongana, yakayachapa matapishi hadi yakarukia viatu vyake vilivyong'arishwa. Akarudi nyuma akitema mate, karibu naye atapike.

"Mchungaji, ngoja," msusi alisema. "Mwulize kwanza mume wangu yuko wapi."

"Pepo ni mwongo, dada. Haulizwi kitu." Akapaza sauti. "Toka katika nyumba hii! Rudi ulikotoka!"

Meno yakatulia. Sauti iliyofuata haikuwa ya Bwana Cheko tena; ilikuwa laini, ya mtu aliyeshiba.

"Haya, narudi," ilisema. "Nimpelekee mumeo salamu?"

Msusi akamtazama mchungaji, akimsubiri akanushe, aseme uongo, aseme chochote. Mchungaji akainamisha macho kwenye viatu vyake vichafu.

"Usimjibu, mkwe wangu," mamamkwe alisihi. "Nakuomba, usimjibu."

Lakini msusi alikuwa ameshapiga magoti kando ya beseni, uso karibu na uvundo ule.

"Mwambie namwombea," alisema.

Meno yakapasuka vipande viwili, na harufu ikakatika palepale. Mchungaji, ambaye miaka yote alifundisha kwamba wafu hawaombewi, akapiga magoti kando yake.