Jina la Wakoli Kwenye Mtandao wa Sellah

Mchana huo wa mvua Sellah, jirani yetu wa Kitale, alikuwa na chai mkononi, akikagua mtandao wake wa redio kwenye kompyuta. Redio hizo hupeleka maandishi hata simu zikikatika. Chemutai, mwalimu, huandika akiwa Kapsokwony mlimani, mtambo wa Sellah hupokea na kumpelekea Khisa, Bungoma, mwenye watu wa uokoaji. Mitambo na njia zake zote huonekana kwenye ukurasa mmoja wa usimamizi.

Awali ujumbe ulipitia Webuye, kwa mjomba wake Wakoli. Mzee alipozikwa, Sellah alilifuta jina lake jioni ileile. Rosaline, mama yake, aling'aka: mbona hakungoja hata waliofiwa wanyolewe nywele za matanga? Sikio la kufa! Sellah alicheka tu.

Sasa jina lilikuwa pale tena. Wakoli, Webuye. Njia bora.

Alilifuta. Likarudi.

Ujumbe wa Chemutai ulikuwa umekwama chini yake, ukielekea Webuye kusiko na mtambo: "Mlima unaporomoka. Watoto wako darasani."

Rosaline alisimama mlangoni. "Zima hiyo kitu," alinong'ona. "Kaka yangu amekasirika."

"Sizimi, mama. Kuna watoto huko."

Sellah aliogopa, lakini hasira ilimzidi. Akaandika njia mpya, moja kwa moja hadi Bungoma. Ikafutika herufi moja moja, polepole, kama mzee anayechapa kwa kidole kimoja.

"Khocha," akamwita mjomba wake, "kama uko na kesi na mimi, kuja unishike mimi. Hao watoto hawajakukosea. Toka kwa njia!"

Akaandika tena. Herufi zikakaa, na ujumbe ukaondoka.

Jibu la Khisa lilichelewa mno. "Watoto wote wametoka. Darasa limeanguka nyuma yao."

Sellah akalia. Kisha akabadilisha neno la siri, asimtajie mtu. Ukurasa ukafunguka upya, ukionyesha walioingia kwenye usimamizi kwa neno hilo jipya.

Walikuwa wawili.

Hakuna aliyegusa kipanya. Mshale ukasogea wenyewe. Ukapita jina la Chemutai. Ukapita la Khisa. Ukafika kwenye jina la Sellah, ukatulia juu ya neno Futa.

Sellah akavuta kiti, akakaa.

"Bonyeza basi," akasema.

Mpaka leo mshale uko palepale, haung'oki. Sellah hagusi kipanya; hufanya kazi kwa kibodi tu.