Mwanamume Anayeosha Manukato

Walikutana kwenye duka la vitambaa, siku ya msongamano, yule fundi wa kuchomelea vyuma alipomkanyaga mshonaji mguu.

"Wewe baba, hayo ni mabuti au matofali?"

"Samahani, bibie. Nikanyage na wewe, yaishe."

Mshonaji akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo.

Lakini sasa fundi alikuwa ameahirisha posa mara mbili, na kila saa tatu asubuhi simu ya fundi huzimwa. Mshonaji akapita kwake mapema, akamkuta anajisugua shingo kwa sabuni, anaondoa manukato aliyomnunulia yeye mwenyewe. Nywele hazina mafuta. Shati zuri la nailoni linaning'inia msumarini. Amevaa fulana kuukuu ya pamba, soksi na kandambili.

"Wapi hivyo, mpenzi?"

"Kazini."

"Kwa kandambili?"

"Joto, mama."

"Joto, na soksi?"

Fundi akachukua funguo, akatoka. Moyo ukamwambia mshonaji: harufu yangu inaoshwa ili mwingine asiinuse.

Akamfuata nyuma nyuma hadi hospitali, jengo la mwisho. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia: nesi mmoja, kope ndefu, anamnusa fundi shingoni!

"Leo uko safi," nesi akasema, akamshika mkono, wakaingia chumba cha ndani.

Mshonaji alisimama pale mpaka hasira ikamshinda. Akaingia, akasukuma mlango wa chumba cha ndani.

"Safi kwa ajili ya nini?"

Fundi alikuwa amelala ndani ya bomba kubwa la kioo, mguu umefungwa bendeji. Sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti: "Mwambie, nesi. Yote."

"Chuma cha moto kilimdondokea," nesi akasema. "Ana kisukari, damu haifiki vizuri mguuni, kidonda kikagoma kupona. Daktari alitaka kukata kidole. Humu tunashindilia oksijeni; inajaa kwenye damu, inafika kwenye nyama iliyoikosa, mishipa midogo inachipua, kidonda kinaota nyama. Ila cheche moja tu, moto! Ndiyo maana hatutaki manukato, mafuta, nailoni wala simu. Namnusa kila siku."

"Mbona hukuniambia?" mshonaji akamuuliza fundi.

"Niliogopa. Nani atamtaka mwenye mguu pungufu?"

"Kwani nilihesabu vidole uliponikanyaga?"

Kesho yake alikuja na kanzu ya pamba aliyoishona mwenyewe, haina kifungo wala zipu. Akamsogeza nesi pembeni, akamnusa fundi shingo, upande huu, kisha upande ule, bila haraka. Hapakuwa na harufu ya mtu yeyote.

"Ingia," akasema. "Na Jumamosi mlete mjomba wako nyumbani, na ile posa."