Namba Yenye Mwenyewe

Haya yalimpata dada yangu, tumbo moja, nami nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Jua limejaa uani, mama anafua. Dada, ambaye mtaani wanamwita Mkasi kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga video za harusi, aliingia amekumbatia kompyuta ya mezani aliyouziwa na fundi mmoja, iliyokuwa ya ofisi fulani. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye matundu ya feni.

"Umeniletea oveni?" mama akauliza.

"Nimekuletea mshahara, mama."

Hakuwa anatania. Studio yao ilikuwa imehamia kwenye programu ya kuhariri inayokubali kompyuta za Mac peke yake, na bosi alishasema: atakayefika Jumatatu bila mashine, kiti chake anapewa mwingine. Mac mpya kwetu ilikuwa ndoto ya mchana. Ikabaki njia ya wajanja, ile wanayoiita Hackintosh. Unachukua kompyuta ya kawaida, unaidanganya mpaka ijione ni Mac.

Tulifungua kasha, tukapuliza vumbi, tukaongeza memori, tukaweka diski mpya kabisa isiyo na hata herufi moja. Mfumo tuliuandaa kwenye flashi, tukifuata mwongozo wa mtandaoni. Mashine haikuwa na kamera. Haikuwa na kifaa cha waifai, na waya wa intaneti tulikuwa hatujanunua. Nayataja haya kwa makusudi.

Ikabaki namba. Kila Mac ina namba yake ya utambulisho, na ya bandia lazima ipewe ya kubuni. Programu inakutungia, kisha unaiandika kwenye tovuti ya mtengenezaji uone jibu. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu jibu zuri ni kwamba namba haitambuliki. Maana yake haina mwenyewe.

Dada aliiangalia kwenye simu yake, akapiga kigelegele.

"Imetambulika! Tumepata halali!"

"Dada, mwongozo unasema ikitambulika itupwe. Hiyo ni ya mtu."

"Profesa, wewe unaogopa mpaka kivuli chako. Huyo mtu atatujulia wapi?"

Akaiingiza.

Mashine iliwaka vizuri mno. Kwa kawaida huuliza lugha, nchi, jina. Hii haikuuliza kitu. Iliandika tu: Karibu tena.

Katikati ya skrini palikuwa na picha moja. Dada akaifungua. Chumba kitupu. Meza. Kiti kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Imetoka wapi?" nikanong'ona.

"Za mfano hizo," akasema. Lakini hakucheka.

Ikaja ya pili. Chumba kilekile, ila kiti kimefika mlangoni.

Ya tatu haikuwa ya chumba kile. Kilikuwa chetu. Dada alionekana kwa nyuma, kichwa kimeinamia kibodi. Mimi nipo ubavuni kwake. Na kile kiti kipo nyuma yetu, karibu kutugusa.

Niligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Nilipoirudia skrini, maneno yalikuwa yanajiandika chini ya picha. Taratibu. Umekaa kwangu.

Nilimpigia fundi aliyetuuzia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mlipoiangalia ile namba, ilisemaje?"

"Ilitambulika."

Kisha sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu, msizime. Mwambie aliyekaa ainuke kwanza. Ainuke kitini, ndipo mzime."

Dada alikuwa ameshauchomoa waya ukutani.

Skrini ikawa nyeusi. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Nje mama alikuwa anakamua shuka. Nilisikia matone.

Nilisikia na kibodi.

Dada huandika kwa vidole viwili tangu zamani, tunamcheka kuwa anadonoa kama kuku. Sasa aliandika kwa vidole vyote, haraka, mgongo umenyooka, macho kwenye skrini isiyo na kitu.

"Dada."

Hakugeuka.

"Mkasi. Inuka. Nakuomba, inuka."

Vidole vikatulia. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayehudumia wageni kutwa nzima. Sauti ilikuwa yake ileile.

"Samahani. Nani amekuruhusu kuingia hapa?"

Jumatatu kiti cha studio akapewa mwingine. Tumempeleka hospitali, daktari akasema ni uchovu. Tumempeleka kwenye maombi, akawaaga waombaji kwa adabu na kuwafungulia mlango. Anakula akilishwa. Mama akimwita mwanangu, anajibu, "Asante, bibie." Mama huingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho ili tusimsikie.

Mashine tulimrudishia fundi. Alikataa kuishika, tukaiacha kizingitini kwake. Dada sasa analala kwa mama. Kile chumba nimekifunga, na ufunguo hulala chini ya mto wangu.

Kila asubuhi naingia kupangusa meza. Kila asubuhi nakuta juu yake alama za viganja viwili, mbichi, za jasho. Viganja vyenyewe ni vipana kuliko vya mtu yeyote wa nyumba hii. Cha kulia kina vidole vinne.