Aliyeitika Chumbani

KUH: LIKIZO FUPI YA SIMU NA VIFAA VYOTE VYENYE SKRINI, KWA WENYE NYUMBA NA WAPANGAJI.

Ilani hiyo ilibandikwa langoni na Bwana Muturi, mwenyekiti wa mtaa wao pale Kitengela, mstaafu wa kaunti aliyekosa faili za kusaini akaanza kusaini maisha ya majirani. Wikendi nzima simu zizimwe, wazazi wazungumze na watoto. Kamati ilipitisha kwa kauli moja, yaani yake.

Selpha alifurahi kuliko wote. Binti yake Nanjala, msichana wa kidato cha kwanza, hakuwa amemwambia neno kwa mdomo tangu shule zifungwe. Chakula kikiiva, Selpha humwandikia kwa simu kutoka jikoni, naye Nanjala humjibu kwa kile kidole gumba cha manjano. Selpha alitaka kusikia sauti tu. Hata ya kulalamika.

Basi Jumamosi akazizima simu zote, akazifungia kwenye sufuria ya wageni. Jua lilipokuwa likizama nyuma ya machimbo ya mawe, akageuza ugali kwenye sahani, akaita:

"Nanjala!"

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka chumbani.

Selpha akasimama na mwiko mkononi. Hakuna mtoto Kitengela anayeitika abee. Neno hilo huishi vitabuni na hutoka humo siku ya mtihani. Lakini ilikuwa sauti ya Nanjala, na ilikuwa tamu.

"Njoo ukule, mami."

"Nakuja, mama. Niite tena."

Akamwita tena. Mlango wa mbele ukafunguka, Nanjala akaingia na pakiti ya maziwa.

"Mathe, mbona unanipigia nduru na niko tu hapa kwa gate?"

"Nakuja, mama," ikasema sauti chumbani.

Wakhungu, baba mtu, akainuka kitini polepole. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ilikuwa ikipenya chini ya mlango wa chumba, na mvua haikuwa imeonekana tangu Krismasi.

"Baba Nanjala," Selpha akanong'ona, "mama alikuwa anatukataza. Jua likizama usiite mtoto kwa jina, unaenda unamgusa bega. Ukilitupa jina gizani, kuna mwenye kuliokota."

"Na miaka hii yote?"

"Miaka hii yote nilikuwa natuma text."

"Majini ni ya Mombasa," Wakhungu akasema, kama anayemwomba mtu akubali. "Huku yatafuata nini? Vumbi?"

Bwana Muturi akaitwa. Alifika amevaa koti la mikutano, akasikiliza mlangoni, akaeleza kwamba kamati iliidhinisha mazungumzo ila haikubainisha na nani, kisha kitasa kikazunguka chenyewe, nusu, kikarudi, na sauti ile ikauliza kwa adabu, "Mwenyekiti naye atakula nasi?" Akaahirisha kikao akiwa tayari langoni.

"Washeni simu!" akapaza sauti kutoka huko.

Wakaziwasha. Milio ikajaa nyumba, jumbe za siku nzima zikimiminika kama mvua ya mawe kwenye mabati, na chumbani kukanyamaza. Wakhungu akafungua mlango. Kitanda, daftari, viatu vya shule. Wakaomba Mungu, wakalala wote sebuleni.

Jumapili jioni Wakhungu alienda kanisani kushukuru. Selpha akapika, akamwandikia binti yake. Kidole gumba cha manjano kikaja. Akaandika tena: *Mami, uko sawa?* Kidole gumba. Akasimama jikoni akikitazama kile kidole, na akilini ikawa inamrudia sauti iliyomwita mama mara nyingi ndani ya jioni moja kuliko alivyoitwa likizo nzima, akajiambia asifanye, akajiambia tena, na huku akijiambia hivyo akaizima simu yake, akaenda akachomoa waya wa intaneti ukutani, akasubiri jua limalizike kabisa.

Majirani wana maelezo yao, na Bwana Muturi ameandika kwamba ilikuwa hitilafu ya umeme.

Kilichotokea ni kwamba Selpha aliita mtoto mmoja, wakaja wawili, naye akawapakulia wote.