Kitambaa cha Kisiki cha Tatu

Kila asubuhi ya likizo, kabla umande haujakauka, Bi Mawazo alishuka na shangazi yake hadi kwenye mteremko wa shamba. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa aliweza kufanya kazi kutwa nzima huku akili iko mahali pengine kabisa.

"Hapa palikuwa msitu," shangazi alisema siku moja, akionyesha udongo mwekundu uliochimbuliwa na mvua. "Babu zetu waliukata wapande mahindi. Kisha mvua zikaanza kuondoka na udongo. Lakini mizizi ya visiki ingali hai."

Kwenye kila kisiki kilichochipua alichagua chipukizi moja lililonyooka, akalifunga kitambaa cheupe.

"Fyeka magugu tu, mwanangu. Kesho tunachimba mtaro wa kuzuia maji, nao utavikwepa vitambaa hivi. Kisiki hiki cha tatu hasa ukiangalie. Mti wa aina yake haujabaki mwingine hapa."

Bi Mawazo alifyeka. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni, aliuona msitu wote umerudi: vigogo virefu, kivuli kizito, chemchemi ikinong'ona chini ya majani. Akatembea ndani yake polepole, panga likienda lenyewe. Alipozinduka, chipukizi la kisiki cha tatu lilikuwa limelala chini na kitambaa chake.

Alitazama huku na huku. Alikifungua kitambaa, akakifunga kwenye kichaka hatua chache pembeni, kisha akakifunika kisiki kwa majani makavu.

Jioni hakugusa chakula.

"Bi Mawazo kasafiri leo," kaka yake alitania. "Sahani yake nipeni mimi."

Bi Mawazo alimsogezea sahani.

Asubuhi kaka alivuta kamba ya kuonyesha njia ya mtaro, akivikwepa vitambaa. Kamba ikapita juu ya majani makavu. Shangazi akainua sururu.

"Shangazi, ngoja." Sauti ya Bi Mawazo ilikuwa ndogo. "Chini ya majani pana kisiki. Chipukizi nililikata mimi, halafu nikahamisha kitambaa."

Shangazi aliteremsha sururu taratibu, akapiga magoti, akayaondoa majani, akakwangua gome la kisiki kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi. Akalisawazisha jeraha kwa kisu, akaliacha limeinama ili maji yasituame.

"Kitachipua tena," alisema. "Umetupotezea mwaka mmoja. Kuota ndoto sikukatazi. Bila ndoto hata mimi nisingehangaika na mteremko huu. Ila ulipolificha kosa, nusura utufanye tung'oe mzizi kwa mikono yetu bila kujua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Na ufyekapo, uwepo hapahapa nasi," kaka akaongeza, akimpa ncha ya kamba.

Bi Mawazo aliishika, akapiga hatua tatu kuelekea juu, na njia ya mtaro ikapinda, ikakikwepa kisiki.