Msimkate Kalima Chiriku

Asubuhi nyumbani kwa fundi cherehani hakukosi kelele. Fundi mwenyewe, mama wa watoto, alikuwa akipiga pasi nguo za wateja. Bibi alikuwa akimimina chai. Binti wa mwisho, wa darasa la tatu, alikuwa akitafuta kitu chini ya meza. Walimwita Chiriku, kwa kuwa alipokuwa mdogo aliimba kutwa nzima.

"Bibi, na-na-nataka ka-ka-ka..."

"Kalamu hii hapa, mjukuu wangu," Bibi alisema, akamtia kalamu mkononi.

Chiriku alitaka kamba ya kiatu. Lakini aliipokea kalamu, akaenda shule huku kiatu kinapwaya.

Chiriku alikuwa na kigugumizi. Nyumbani walimpenda, na kila mmoja alimsaidia kwa kummalizia maneno. Darasani alikuwa ameacha kusema kabisa. Siku moja mwalimu wa darasa alimwita mama yake.

"Mama, binti yako anaandika vizuri sana," alisema. "Ila mtihani wa kuzungumza mbele ya darasa umekaribia. Asipofungua kinywa, atarudia darasa."

Mama alirudi nyumbani mnyonge. Hata uzi ulimshinda kutia kwenye sindano.

Shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa usemi, dada aliyetoka chuoni karibuni. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoto wenye shida ya kutamka na wenye kigugumizi. Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani. Upande mmoja kulikuwa na madawati mabovu, upande wa pili mkeka na picha za kuchezea. Humo Chiriku alizungumza na kucheka. Akitoka mlangoni tu, kimya.

Mwalimu wa usemi alianza kukata tamaa. Akampigia simu mwenzake mkongwe, aliyefanya kazi hiyo shule ya jirani.

"Dada, nina mtoto ambaye shuleni anasema akiwa na mimi tu. Labda kazi hii siiwezi."

"Kama kwako anasema, kazi unaiweza," mwenzake alimjibu. "Umewasha moto, usiufungie chumbani. Nenda kwao. Usianze kwa kuhubiri. Kaa usikilize."

Jioni hiyo hiyo mwalimu alibisha hodi kwa fundi. Walimkaribisha kiti kando ya cherehani. Bibi alikuwa akishona vifungo. Chiriku alifurahi kumwona mwalimu wake, akaanza kusimulia mchezo waliocheza.

"Leo tu-tu-tulicheza..."

"Mpira," Mama alisema.

"Vuta pumzi, anza upya," Bibi akaongeza.

Chiriku akainamisha kichwa. Hapo mwalimu akaelewa. Alikuwa ameona kilichofichika siku zote.

"Mama, Bibi, naomba niseme jambo," alisema. "Nyumba hii ina upendo mwingi. Lakini mnamkata kalima. Kila mkimmalizia neno, anaona neno lake halina maana."

Bibi aliweka sindano chini. "Sisi tunamwonea huruma, mwalimu. Nadhani alishtuka. Kuna mbwa aliwahi kumkimbiza."

"Hapana, Bibi. Kigugumizi hakiletwi na mbwa, wala uvivu. Mara nyingi huwa kimo katika ukoo."

Bibi alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Kweli. Babu yake alikuwa nacho. Siku ya kuniposa, sentensi moja ilichukua muda wa chai kupoa."

"Ulimmalizia maneno?"

"Ningemmaliziaje? Ningekuwa najiposa mwenyewe."

Wote waliangua kicheko, na Chiriku akacheka kuliko wote.

"Basi Bibi," mwalimu alisema, "mngoje mjukuu kama ulivyomngoja babu. Mtazame kwa utulivu. Sikiliza anachosema, si jinsi anavyokisema. Nanyi mkizungumza, punguzeni mwendo. Mezani, kila mtu apate zamu yake. Kigugumizi huenda kisiishe chote. Lakini hofu tunaweza kuipunguza."

Walianza usiku huo huo. Haikuwa rahisi. Mara Mama alijisahau, mara Bibi aliuma midomo mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini Chiriku alipogundua kwamba wanamngoja, alianza kusema zaidi.

Shuleni, mwalimu wa usemi naye alibadili namna ya kufanya kazi yake. Alimwambia Chiriku achague rafiki wa kuja naye stoo. Baadaye wakaongeza wengine. Aliongea pia na mwalimu wa darasa, naye akakubali kungoja na kukataza watoto kuchekana. Watoto wakaipenda stoo ile hata wakawa wanagombania mkeka.

Siku ya mtihani ikafika. Kila mtoto alitakiwa kueleza kazi anayoijua. Chiriku alisimama mbele.

"Nitaeleza ji-jinsi ya ku-kupima gauni," alisema.

Akatoa futi ya kupimia mfukoni. Hakuna aliyemharakisha. Akamgeukia mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, i-i-inua mikono. Usi-usivute tumbo. Gauni litakubana."

Darasa zima lilicheka, na Chiriku alijua kwamba wanacheka maneno yake, si kigugumizi chake. Akaendelea mpaka mwisho: kifua, kiuno, urefu. Mlangoni, mwalimu wa usemi alikuwa amejishika mashavu kwa furaha.

Mwalimu wa darasa alishusha mikono. "Umefaulu," alisema. "Na gauni nitakuja kushonewa kwenu."

Jioni Mama aliuliza, "Ilikuwaje, mwanangu?" Chiriku akaanza kusimulia. Alikwama, akaendelea, akakwama tena. Mama aliacha cherehani. Bibi aliacha sufuria. Chakula kikaungua jikoni, moshi ukatanda, na hakuna aliyenyanyuka mpaka Chiriku alipomaliza.