Tatu Katika Nyasi za Semliki

Risasi ya kwanza ilipasua tairi, ya pili ikaingia pajani mwa Mwalimu Kalala. Lori lililotoka Kasindi kwenda Beni likaserereka na kulala ubavu. Dereva alikufa palepale. Ulikuwa mwaka 1964 huko Kongo, waasi walioitwa Simba wakiwinda watumishi wa serikali barabarani, na mwalimu aliyeletwa kutoka Kasai alijua wazi wangemfanya nini.

Adèle, mchuuzi wa maharagwe wa Butembo, hakuwa na undugu naye. Walijuana asubuhi ileile, juu ya magunia ya lori hilo. Alimshika mkono, akanyakua kibuyu cha maji, wakazama katika nyasi ndefu za uwanda wa Semliki. Huko alirarua kitenge chake akalifunga lile paja.

"Tushuke ku muto, tuufuate mupaka ku daraja," alisema. "Kule kuko baaskari ba serikali. Weye angalia nyuma. Ukiona Simba, hapana kupiga kelele. Sema namba yabo tu."

"Sawa, maman."

Jua likawaka bila huruma. Kalala alichechemea, midomo imepasuka, damu ikimtiririka hadi kiatuni. Ghafla nyasi zikatikisika, akatokea mnyama mwenye magamba toka kichwani hadi mkiani. Kalala hakuwahi kumwona, ila kitabu chake cha shule, kazi ya Wabelgiji, kilikuwa na picha ya mnyama wa Amerika mwenye gamba gumu vilevile. Jina likamponyoka kwa Kifaransa.

"Tatou!"

Adèle alisikia tatu. Simba watatu! Akamsukuma Kalala korongoni, naye akajirusha nyuma yake. Kibuyu kikagonga jiwe, kikapasuka.

"Bako wapi?" alinong'ona.

"Ba nani? Ni nyama ya pori, maman. Tatou. Niliiona mu kitabu."

Adèle alichungulia. "Ile ni kakakuona, Mwalimu! Maji yetu yote imemwangika juu ya kakakuona!"

Hasira ilimpanda, akatamani kumzaba kofi. Kalala aliinamisha kichwa.

"Uniache hapa. Weye uko na miguu."

"Nyamaza! Sikukukokota mupaka huku nikuachie fisi."

Kakakuona, asiyejali vita ya mtu, alishuka taratibu hadi chini ya korongo, akaanza kufukua mchwa. Udongo aliourusha nyuma ulikuwa mweusi, wenye unyevu. Adèle aliuona. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu. Maji yakaja, matope matupu. Waliyachuja kwa kipande cha kitenge, wakanywa huku wakicheka kama wendawazimu, maana walikuwa hai na Simba walikuwa hawajawapata. Korongo liliwashusha hadi mtoni, na kesho yake wakaliona daraja.

Askari aliwaelekezea bunduki. Alimtazama Kalala, shati limechanika, uso umejaa matope.

"Mama, leka yeye, pita. Huyu anabakia. Anafanana na Simba."

"Ni mwalimu!"

"Bote banasema vile."

Kalala hakuwa na nguvu hata ya kujitetea. Alianguka. Adèle akaketi barabarani, akakiweka kichwa chake mapajani, akamkazia askari macho.

"Basi piga siye bote."

"Ni bwana yako?"

"Hapana."

"Ndugu yako?"

"Hapana. Lakini bila yeye, miye sipite."

Bunduki ikashuka. Askari akageuka kuita machela. Adèle hakuinuka mpaka ilipofika.